Zana za kuchagua mji wa viungani kwa familia: zipi za kuaminiwa, na kwa kiasi gani

Familia inayotaka kuhama jiji na kuishi viungani huanzia kwenye skrini. Kabla ya kukanyaga mji wenyewe, wazazi huwa wameshaona ramani, alama za shule, picha za mitaa na bei za nyumba. Tumezipitia hapa zana zinazotumika zaidi, tukizipima kwa swali moja: je, zinamsaidia mzazi kuuacha mji usiofaa mapema, kabla hajalipa amana? Huko ndiko ziliko na nguvu. Kupunguza miji 20 ibaki 3 zinaweza. Kukuchagulia mmoja kati ya hiyo mitatu haziwezi, na zile zinazojigamba kwamba zinaweza ndizo tulizozipa alama za chini.

Google Maps: chujio la kwanza, mradi ubadilishe saa

Ramani hii ipo tangu 2005, na kwa kazi hii hatujaona inayoipita. Wengi huharibu kwa kuulizia njia usiku, watoto wakishalala, kisha wanaamini dakika zinazotokea. Dakika hizo ni za barabara tupu. Fungua maelekezo ya njia, nenda kwenye sehemu ya kuweka saa ya kuondoka au ya kufika, chagua Jumanne au Jumatano ambayo si ya likizo ya shule, kisha weka saa unayotakiwa kuwa kazini. Simu huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa mbili asubuhi uiandike 08:00. Kwa safari ya gari jibu litakuja na namba mbili, mathalani dakika 35 hadi 70. Pangia maisha ile ya juu. Chekechea hufunga mlango saa iliyoandikwa kwenye mkataba, wala haiulizi wastani wa foleni.

Safari ya kurudi ipimwe peke yake, maana foleni ya kutoka jijini jioni haifanani na ya kuingia asubuhi. Ukitaka kuongeza kituo cha shule katikati, sehemu ya kuweka saa huweza kutoweka. Gawa safari vipande viwili, nyumbani hadi shule na shule hadi kazini, kisha ujumlishe na dakika 10 za kuegesha gari, kumshusha mtoto na kurudi barabarani.

Halafu piga hesabu ya mwaka mzima. Mji ulio mbali zaidi kwa dakika 40 kila upande unakula dakika 80 kwa siku. Kwa siku 220 za kazi hizo ni takriban saa 293, sawa na siku 12 kamili, mchana na usiku, ambazo mzazi yuko barabarani wakati mtoto yuko nyumbani. Tofauti ya kodi ya pango kati ya miji miwili ipimwe dhidi ya saa hizo. Mara nyingi nafuu inayoonekana kubwa kwenye tangazo hubadilika sura hapo.

Tahadhari nyingine ni jina la mji. Ukiandika jina tupu, ramani huweka alama katikati, karibu na stesheni au ofisi za halmashauri, ilhali nyumba utakayoimudu huenda iko kilomita 4 kutoka hapo, ng'ambo ya reli au ya mto wenye daraja moja. Tumia anwani halisi, au bonyeza kwa muda mrefu kwenye mtaa wa pembeni kabisa uweke alama yako mwenyewe.

Kwa treni na mabasi, Google hutegemea ratiba zinazotolewa na waendeshaji. Mpango huo ulianzia Portland, Oregon, mwaka 2005. Mahali ambapo mabasi hayana ratiba rasmi, ramani itakuonyesha kana kwamba hakuna usafiri wowote, au itakuonyesha treni tu. Penye ratiba, angalia mambo matatu ambayo watu hawayaangalii: chombo cha mwisho kutoka jijini usiku, huduma ya Jumapili, na nafasi kati ya treni moja na nyingine mchana. Hilo la mchana ndilo zito. Shule ikipiga simu saa tano kwamba mtoto ana homa, mzazi anahitaji treni ya saa tano. Viunga vingi vina treni kila dakika 10 asubuhi, halafu moja tu kwa saa mpaka jioni.

Picha za mitaa, Street View, zilianza 2007, na tangu 2014 mtu anaweza kutazama picha za miaka ya nyuma pale zilipohifadhiwa. Itumie kwenye kompyuta. Kwanza soma tarehe ya picha. Kisha tembea kwa kipanya kutoka nyumbani mpaka lango la shule: njia ya miguu inaendelea, au inakatika mbele ya kituo cha mafuta na kumwaga watoto barabarani? Kuna kivuko penye kona? Mitaro ipo, na ipo wazi? Mwisho, linganisha na picha za zamani. Ukiona mashamba yamegeuka mitaa ya nyumba huku barabara ikibaki ileile ya njia mbili, dakika za leo hazitadumu.

Openrouteservice na Walk Score

Openrouteservice ni zana ya bure iliyojengwa Heidelberg, Ujerumani, juu ya ramani huria ya OpenStreetMap. Unaweka alama moja na idadi ya dakika, nayo inachora eneo lote linalofikika ndani ya muda huo. Kwa gari inapendelea upande wa matumaini, kwa kuwa haijui foleni ya asubuhi hiyo. Kwa miguu ni nzuri mno: chora dakika 15 kuzunguka shule, kisha dakika 15 kuzunguka stesheni, na utafute nyumba pale maeneo hayo mawili yanapokutana. Mara nyingi hubaki mitaa michache tu, na kazi ya kutafuta inakuwa nyepesi. Kwa mtoto wa miaka 6 ongeza muda, kwa kuwa mwendo unaotumika kwenye hesabu ni wa mtu mzima.

Walk Score, iliyoanza 2007 na kununuliwa na kampuni ya nyumba ya Redfin mwaka 2014, hutoa alama kati ya 0 na 100 na inafaa zaidi Marekani, Kanada na Australia. Huduma iliyo ndani ya dakika 5 kwa miguu hupata alama kamili, na iliyo zaidi ya dakika 30 haipati kitu. Udhaifu wake ni kwamba inahesabu umbali wa maduka, hospitali na bustani bila kuona kama kuna barabara kuu ya njia sita katikati. Kwa kijana asiye na mtoto alama hiyo inatosha. Kwa mama anayesukuma kigari cha mtoto, ichukue kama dokezo tu, kisha urudi kwenye picha za mitaa.

Alama za shule: hapa ndipo pesa nyingi hupotea

Nyumba hupanda bei kwa sababu ya namba iliyo kando ya jina la shule, kwa hiyo inafaa kujua namba hiyo imetoka wapi. GreatSchools ya Marekani, iliyoanzishwa 1998, hutoa alama 1 hadi 10, na tovuti kubwa za nyumba kama Zillow huzionyesha kwenye matangazo. Sehemu kubwa ya tofauti ya matokeo ya mitihani kati ya shule na shule hufuata kipato na elimu ya wazazi. Shule yenye 9 inaweza kuwa imepokea watoto waliokuwa tayari mbele, na yenye 6 ikawa inawasogeza watoto zaidi kila mwaka. Fungua ukurasa wa shule yenyewe utafute kipengele cha maendeleo ya wanafunzi, kile kinachopima mtoto alikoanzia na alikofika. Kikiwa juu wakati alama ya jumla ni ya wastani, hapo umepata shule nzuri katika mtaa ambao bei yake haijapandishwa na namba.

England nako kuna mtego wa tarehe. Tangu Septemba 2024, Ofsted, ofisi ya ukaguzi wa shule, haitoi tena hukumu ya jumla ya neno moja kwa shule za serikali. Tangazo la nyumba linalojivunia neno hilo linazungumzia ukaguzi wa zamani, pengine wa mwalimu mkuu ambaye ameshaondoka. Kipimo cha maendeleo cha sekondari, Progress 8, kilianza kutumika 2016. Kina pengo pia: mitihani ya mwisho wa shule ya msingi ilifutwa 2020 na 2021 kwa sababu ya korona, hivyo wanafunzi waliofika mwisho wa sekondari 2025 na wanaofika 2026 hawana mahali pa kuanzia hesabu. Usilinganishe shule mbili kwa namba za miaka tofauti.

Alama hata zikiwa njema, kuna jambo ambalo hakuna tovuti iliyotutosheleza: nafasi. Mistari ya mipaka ya shule inayochorwa kwenye tovuti za nyumba ni ya kukadiria, na mamlaka za elimu huibadilisha. Andikia ofisi ya udahili uulize kwa maneno haya: anwani hii iko ndani ya eneo la shule kwa mwaka huu wa masomo? Darasa la mtoto wangu lina nafasi leo? Pale wanapochagua kwa umbali, mtoto wa mwisho kupokelewa mwaka jana alikuwa anaishi umbali gani? Kuna mpango wa kuchora upya mipaka? Omba jibu kwa maandishi. Familia inayohamia katikati ya mwaka ndiyo inayoumia zaidi, kwa kuwa shule iliyojaa hupeleka mtoto mpya kwenye shule nyingine, hata kama nyumba mliyopanga inatazamana na geti. Na kama watoto ni wawili, uliza nafasi za madarasa yote mawili. Kuwapeleka shule mbili kila asubuhi kunavuruga hesabu yote ya dakika uliyoifanya juu.

Maji, mwinuko na Google Earth

Ramani rasmi za mafuriko ndizo zana muhimu kuliko zote baada ya hesabu ya safari. Marekani hutolewa na FEMA, shirika la serikali la kushughulikia majanga, England na Environment Agency, wakala wa mazingira, na nchi nyingi zina ofisi inayofanana na hizo. Tatizo ni lugha yake. Mafuriko yanayoitwa ya miaka 100 hayamaanishi kwamba yakija mwaka huu basi mtapumzika karne nzima. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Kwa miaka 10 ya kulea watoto katika nyumba hiyo uwezekano hufikia karibu asilimia 10, na kwa mkopo wa nyumba wa miaka 30 ni karibu asilimia 26. Yaani zaidi ya moja kwa nne. Mzazi anayesoma hivyo hununua kwa macho mengine.

Jambo la pili: ramani nyingi huonyesha mito na bahari. Maji ya mvua yanayotuama kwa sababu mitaro imezidiwa mara nyingi hayamo, au yamo kwenye ramani nyingine kabisa. Ramani za England zina tabaka la maji ya juu ya ardhi, na ni kosa kuangalia la mito pekee. Mahali pasipo na tabaka hilo, fungua Google Earth Pro kwenye kompyuta, ambayo ni bure tangu 2015. Peleka kipanya juu ya nyumba na usome mwinuko ulioandikwa chini ya skrini, kisha soma wa mitaa inayoizunguka. Nyumba ikiwa chini ya majirani pande tatu, maji yote yanajua njia ya kwake. Vipimo hivyo vya mwinuko si vya fundi wa ardhi, kwa hiyo tofauti ya mita 1 usiitegemee. Ya mita 5 na zaidi ichukulie kwa uzito. Programu hiyohiyo ina kitufe cha picha za zamani za satelaiti. Rudi nyuma miaka 15 au 20. Kinamasi kilichofukiwa, mkondo uliohamishwa, dampo lililofunikwa udongo na kupandwa nyasi: vyote huonekana huko, na havimo kwenye tangazo lolote.

Baada ya hapo pigia kampuni ya bima simu, utoe anwani, uombe makadirio ya bima ya mafuriko. Kama kampuni inakataa au inatoa bei ya kutisha, umepata tathmini ya kitaalamu bila kulipa chochote.

Kelele na hewa

Flightradar24, tovuti inayoonyesha ndege zilizo angani, ilibuniwa kwa wapenzi wa ndege, lakini kwa anayechagua mji ni hazina. Weka ramani juu ya mtaa na uangalie ndege zinazopita chini ya futi 4,000. Usiangalie siku moja. Viwanja hubadilisha upande wa kurukia kulingana na upepo, na mtaa uliotulia Jumatatu unaweza kuwa chini ya njia ya kutua Alhamisi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kwa Ulaya ya mwaka 2018 inapendekeza kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli 53 kwa siku nzima na 45 usiku. Za ndege, 45 na 40. Ukikuta ramani rasmi ya kelele, linganisha na namba hizo, hasa ya usiku, maana vyumba vya watoto mara nyingi ndivyo vidogo na vinavyotazama barabara.

Kwa hewa, IQAir na OpenAQ hukusanya vipimo kutoka nchi nyingi. Miongozo ya WHO ya 2021 inataka wastani wa mwaka wa PM2.5, yaani chembe ndogo mno zilizomo hewani, usizidi maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo. Soma wastani wa mwaka, kwa sababu rangi ya kijani ya leo huenda imeletwa na mvua ya jana. Angalia pia kituo cha kupimia kiko wapi: kikiwa kilomita 20 kutoka mjini, namba hiyo ni ya mji mwingine. Vifaa vidogo vya nyumbani vinavyotuma vipimo mtandaoni ni vizuri kwa kulinganisha mtaa na mtaa, ila vingi husoma juu kuliko hali halisi unyevu unapokuwa mwingi.

Ramani za uhalifu

Tunazipa alama ya kati. Kiwango huhesabiwa kwa kugawa matukio kwa idadi ya wakazi, kwa hiyo mji mdogo wenye jengo kubwa la maduka huonekana wa hatari: wezi na waibiwaji wametoka kwingine, wakazi ndio wanaogawiwa. Mji wa watu 5,000 uliokuwa na wizi wa majumbani 5 ukapata 10 utaandikwa kuwa uhalifu umepanda kwa asilimia 100. Tazama miaka mitatu au minne kwa pamoja na utenganishe aina: kuvunja nyumba na kushambulia watu ni jambo moja, wizi wa dukani ni jingine. Kwenye tovuti ya polisi ya England na Wales, tukio halionyeshwi mahali lilipotokea hasa. Husogezwa hadi kwenye nukta ya karibu ili kumficha mwathirika. Usiikatae nyumba kwa sababu nukta imeangukia mbele yake.

Numbeo, orodha za miji bora na mengineyo

Numbeo, iliyoanza 2009, hukusanya bei kutoka kwa watumiaji na kuupa New York alama ya 100, ambayo miji mingine hulinganishwa nayo. Kwa majiji makubwa inafaa kwa makadirio. Kwa viunga, nenda chini kabisa ya ukurasa usome idadi ya waliochangia na tarehe. Wakiwa watano, funga. Bajeti ya familia itengenezwe kwa mkono: pango, tozo za halmashauri, malezi ya mtoto mdogo, bima, nauli za mwezi, na gari la pili. Hilo la mwisho ndilo linalomeza nafuu ya kuishi nje ya jiji, na halimo kwenye kikokotoo chochote tulichokipitia.

Orodha za kila mwaka za miji bora ya familia ziache. Nafasi ya mji hutokana na uzito ambao mhariri amekipa kila kipengele. Akibadilisha uzito wa shule dhidi ya bei, wa 3 anakuwa wa 40 bila kitu chochote kubadilika mjini.

Kwa intaneti, weka anwani kwenye tovuti ya kampuni inayotoa faiba, kwa kuwa ramani za jumla hupaka rangi mtaa mzima hata kama waya umeishia upande mmoja wa barabara. Mwombe anayeishi humo sasa apime kwa Speedtest saa mbili usiku, wakati kila nyumba iko mtandaoni, na akutumie pia kasi ya kupakia. Mzazi anayefanya kazi nyumbani hukwama kwenye kupakia.

Makundi ya wakazi kwenye Facebook tunayapa alama kubwa, ila kwa matumizi tofauti na yaliyozoeleka. Ukiuliza kama mji ni mzuri, utajibiwa na wanaoupenda na wanaouza nyumba. Tumia kisanduku cha kutafutia ndani ya kundi: andika maji, umeme, mafuriko, harufu, lori, nafasi za shule. Soma miezi ya mvua kubwa na wiki ya kufungua shule. Lalamiko linalorudi kila mwaka kutoka kwa watu tofauti ni ukweli wa mji huo.

Wakala wa kuhamisha familia

Hii ndiyo huduma pekee ya kulipia tuliyoiona inastahili, na hasa ikiwa mwajiri ndiye analipa. Thamani yake iko kwenye udahili wa shule, usajili wa daktari na kusoma mkataba wa pango. Kutafuta nyumba unaweza mwenyewe. Muulize kwa uwazi kama anapokea kamisheni kutoka kwa wenye nyumba, na aandike jibu. Wakala anayelipwa pande zote mbili atakuonyesha miji mitatu aliyo na nyumba. Na kama mkataba wake unasema lazima msaini pango ndani ya siku kadhaa tangu kufika, omba kifungu hicho kirekebishwe kabla ya kusafiri, ili muda uanze kuhesabiwa siku barua ya nafasi ya shule itakapokuwa mkononi.